Winogradsky, msomaji wa matope

Wanafunzi wa biolojia wana mchezo mmoja ambao sisi wa lugha huuona kwa mbali tu, tukipita kando ya madirisha yao. Huchukua chupa ndefu, huijaza matope ya ziwa au ya bwawa, huyachanganya na vipande vya karatasi, kiini cha yai na jasi kidogo, kisha humimina juu yake maji ya ziwa lilelile, hufunika na kuiweka penye mwanga. Baada ya hapo hawaigusi tena. Wiki kadhaa zikipita, matope huanza kujigawa yenyewe: chini kabisa panakuwa peusi, juu yake panatokea kijani, halafu zambarau, halafu rangi ya kutu, na juu kabisa kijani kingine cha mwani. Hakuna aliyepaka rangi. Kila tabaka ni kabila la viumbe wadogo waliochagua mahali pao kufuatana na wanachokula na wanachokikimbia.

Chupa hiyo huitwa safu ya Winogradsky. Wengi wanaolitamka jina hilo hudhani ni jina la chombo, kama vile mtu anavyosema lita au mita. Lakini ni jina la mtu, aliyezaliwa Kiev mwezi wa Septemba 1856 na kufa karibu na Paris mwaka 1953. Katikati ya tarehe hizo mbili alipoteza nchi, mali na kazi, na mara mbili aliiacha sayansi akiamini kwamba hatairudia. Kila anayechunguza leo maisha ya vijidudu baharini, ziwani au shambani anatumia njia aliyoifungua yeye, hata kama hajui.

Sergei Nikolaevich Winogradsky alitoka katika jamaa tajiri. Jina la ukoo wao lina mzizi wa neno la Kirusi vinograd, yaani zabibu, na nalitaja kwa sababu utafiti wake wa kwanza ulihusu kijidudu kinachofanya utando juu ya mvinyo. Shuleni Kiev alichukizwa na masomo ya Kilatini na Kigiriki yaliyotawala ratiba. Sisi wa kitivo cha lugha tumsamehe: alifundishwa sarufi kama adhabu, na baadaye aliandika sayansi yake kwa Kirusi, kwa Kijerumani na kwa Kifaransa, jambo ambalo waliompenda mwalimu wao wa Kilatini hawakulifanya wote.

Mwaka 1873 aliingia Chuo Kikuu cha Kiev kusoma sheria. Akaiacha upesi, akahamia sayansi za asili, nazo pia zikamchosha. Hapo akafanya jambo ambalo wazazi wengi wa kwetu wangeliita wazimu: alikwenda Petersburg, mwaka 1875, kusomea piano katika chuo cha muziki, chini ya Leschetizky, mmoja wa walimu wakubwa wa piano wa zama zile. Alikaa huko miaka miwili hivi. Alipoona kwamba muziki nao hautamjaza moyo, alirudi kwenye sayansi mwaka 1877, safari hii katika Chuo Kikuu cha Petersburg, na huko akampata mwalimu aliyemfaa, Andrei Famintsyn, mtaalamu wa uhai wa mimea. Mwaka 1879 alimwoa Zinaida Tikhotskaya. Wakajaliwa mabinti wanne. Mwaka 1881 alimaliza masomo, na 1884 akapata shahada ya pili.

Kwa Famintsyn alijifunza kitu kimoja ambacho hakukiacha maisha yake yote. Ukitaka kujua kiumbe kinaishi vipi, usikiulize kinafanana na nini. Kibadilishie hali ya mahali kinapokaa, moja baada ya nyingine, ukiangalia kinajibu vipi. Kimnyime hewa, kimwongezee chumvi, kimpunguzie sukari. Kwa yule kijidudu wa mvinyo kazi hiyo haikuleta habari kubwa. Ilikuwa mazoezi ya mkono, kama ngazi za piano.

Mwaka 1885 alikwenda Strasbourg, mji uliokuwa wakati ule chini ya Ujerumani, katika maabara ya Anton de Bary, bingwa wa kuvu na magonjwa ya mimea. Alijilipia mwenyewe, maana mali ya nyumbani iliruhusu. Na hapo akakutana na Beggiatoa.

Beggiatoa ni bakteria anayeota kama nyuzi nyeupe ndefu kwenye chemchemi zinazonuka yai viza, kwenye matope ya mabwawa, na hasa kwenye matope ya bahari, ambako hutandaza zulia jeupe juu ya ardhi nyeusi. Weupe wake unatokana na chembe za kiberiti zilizojaa ndani ya mwili wake. Nikiwa mtu wa lugha nitasimama hapa kidogo. Kwetu neno kiberiti limekuwa jina la kijiti cha kuwashia moto, lakini asili yake, kutoka Kiarabu, ni jina la madini yenyewe, ile unga wa manjano unaowaka kwa harufu kali. Wale wanaoandika salfa katika vitabu vya shule wameleta neno jipya kwa kitu kilichokuwa na jina zamani. Katika makala hii kiberiti ni madini.

Basi, wataalamu wa wakati ule waliona chembe hizo, waliona pia kwamba mahali Beggiatoa anapoishi pananuka ile gesi ya yai viza, na wengi wao wakahitimisha kwamba yeye ndiye anayeitengeneza gesi. Hitimisho hilo lilionekana la haki. Ukimkuta mtu amesimama penye moshi, unamshuku kuwa ndiye aliyewasha moto.

Winogradsky hakumshuku wala hakumtetea. Alichukua nyuzi chache, akaziweka kwenye tone la maji chini ya kioo chembamba, akazitazama kwa hadubini. Si kwa saa moja. Alizitazama nyuzi zilezile siku baada ya siku, akiwabadilishia maji mara kwa mara kwa mkono. Alipowapa maji yasiyo na ile gesi, chembe za kiberiti zilipungua, na katika muda wa siku moja au mbili zikatoweka kabisa. Nyuzi zikabaki tupu, kisha zikadhoofika na kufa. Alipowapa maji yenye gesi kabla hawajafa, chembe zilirudi. Kwa hiyo Beggiatoa hakuwa mtengenezaji wa gesi bali mlaji wake. Aliivuta, akaiunguza kwa oksijeni hadi ikawa kiberiti, akakiweka kiberiti hicho akibani, na shida ilipokuja akakiunguza tena hadi kikawa asidi ya salfuriki, ambayo Winogradsky aliikuta majini kwa vipimo vya kikemia.

Tuelewe uzito wa jambo hili. Mwaka 1887, makala ilipotoka kwa Kijerumani, kila mtu alijua njia mbili za kuishi. Mmea hula mwanga. Mnyama, kuvu na binadamu hula kile ambacho mmea umekitengeneza. Hapa palitokea wa tatu, aliyepata nguvu zake kwa kuunguza kitu cha madini, kitu ambacho hakikuwahi kuwa mwili wa chochote. Kwake jiwe na gesi vilikuwa kuni. Siku hizi njia hiyo ina jina la kitaalamu, kemosinthesi, na sikupata Kiswahili chake kilichokubalika. Pengine mmoja wetu atalitafuta.

Kulikuwa na vita vingine ndani ya kazi hiyohiyo, na yeye alivipigana kwa ukali uliopita kiasi. Baadhi ya wataalamu, Zopf akiwa mmoja wa waliosikika sana, walifundisha kwamba bakteria hawana umbo la kudumu: leo ni mviringo, kesho kijiti, keshokutwa uzi. Kama hayo yangekuwa kweli, kusema bakteria fulani anafanya kazi fulani kungekuwa maneno matupu, kwa sababu hakuna fulani. Winogradsky, kwa kukaa na uzi uleule siku nyingi bila kuuacha machoni, aliweza kusema kwamba uzi ulibaki uzi. Wengine walikuwa wameona picha mbalimbali katika matone mbalimbali, wakaziunganisha kichwani mwao kuwa hadithi ya kiumbe mmoja. Hapo alikuwa na haki. Lakini tangu siku hiyo aliona kila dai la kubadilika kwa bakteria kuwa kosa la usafi, na kwa wanafunzi wa baadaye ukali huo ulifunga mlango uliostahili kubaki wazi kidogo, kwa kuwa kuna bakteria ambao kweli hubadilika kufuatana na chakula.

Beggiatoa hakumpata peke yake, akiwa safi bila mchanganyiko. Nyuzi zake kwenye tone zilikuwa na wageni, na mpinzani aliyetaka kushuku alikuwa na nafasi ya kushuku. Ilingojea mwaka 1983, zaidi ya miaka 90 baadaye, ndipo Nelson na Jannasch huko Woods Hole, Marekani, walipomwotesha Beggiatoa wa baharini akiwa safi, mahali ambapo gesi inapanda kutoka chini na oksijeni inashuka kutoka juu, na kuonyesha kwamba kweli anajenga mwili wake kutokana na kaboni ya hewa. Kijana wa Strasbourg hakuwa amekosea.

Bahari ndiyo iliyomtetea zaidi. Mwaka 1977 wanasayansi walioshuka na chombo cha Alvin karibu na visiwa vya Galápagos, kwenye kina cha mita 2,500 hivi, walikuta chemchemi za moto na kando yake minyoo mikubwa isiyo na mdomo wala tumbo, katika giza ambalo jua halijawahi kulifikia. Ilielezwa miaka michache baadaye kwamba ndani ya miili ya minyoo hiyo wanaishi bakteria wanaounguza ile gesi ya yai viza na kumlisha mwenye nyumba. Kijiji kizima cha wanyama kilikula kutoka katika jiko ambalo Winogradsky alilieleza miaka 90 kabla, akiwa na tone la maji chini ya kioo. Tena mwaka 1999 ilitangazwa kwamba katika matope ya pwani ya Namibia kuna ndugu wa Beggiatoa, mviringo, anayefikia robo tatu ya milimita, hata jicho tupu linamwona. Naye hubeba kiberiti mwilini kama lulu.

Tusidhani kwamba mambo haya yako mbali na sisi. Ziwa Tanganyika lina chemchemi za moto chini ya maji, kwenye rasi ya Banza huko Ubwari, upande wetu wa ziwa, na watafiti waliozichunguza tangu miaka ya 1980 walikuta bakteria wa joto kali humo. Ziwa Kivu, ukishuka mita 60 hivi, halina oksijeni tena. Chini kuna metani, gesi ya ukaa na ile gesi inayonuka. Maji ya juu yenye samaki na maji ya chini yasiyo na hewa yanakutana mahali pembamba, na mahali hapo pamejaa wafanyakazi wa aina ya Winogradsky. Yeyote kati yetu aliyevuka ziwa hilo kwa mashua amepita juu ya chupa ileile ya biolojia, ila hii ina kina cha karibu mita 480.

De Bary alifariki mwanzoni mwa 1888. Winogradsky alitoa mwaka huo makala fupi juu ya bakteria wa chuma, wale wanaojivika ala za rangi ya kutu katika mifereji na chemchemi, akisema wao nao wanaunguza madini, yaani chuma. Ushahidi wake hapa ulikuwa mwembamba kuliko ule wa kiberiti, na mabishano juu ya kiumbe yuleyule aliyemchagua yaliendelea muda mrefu. Wazo lenyewe lilikuwa sahihi, lakini mfano wake haukuwa na nguvu hiyo. Katika ghuba ya Kabuno, pembe ya kaskazini-magharibi ya Kivu, mahali penye chuma kingi, wanasayansi walieleza mwaka 2015 juu ya bakteria wanaounguza chuma hicho kwenye kina cha mita kama 10. Hao lakini hutumia mwanga wa jua, kwa hiyo ni binamu wa wazo lake, si watoto wake halisi.

Kutoka Strasbourg alihamia Zurich, na huko akafanya kazi ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko zote, ingawa haina uzuri wa nyuzi nyeupe. Ilihusu samadi.

Mkulima yeyote, wa Masisi kama wa Ulaya, anajua kwamba samadi mbichi haifai mara moja, inabidi ikae. Wanakemia walijua kinachotokea ikikaa: amonia inageuka kuwa nitrati, na nitrati ndiyo mmea unaoinywa. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walikuwa wameonyesha kwamba mgeuzo huo ni kazi ya viumbe hai, kwa sababu ukiweka sumu inayowalaza, mgeuzo unasimama. Tangu hapo watu wengi waliwatafuta viumbe hao. Walifuata njia ya Robert Koch, iliyokuwa ndiyo sheria ya siku: changanya udongo na jelatini yenye supu ya nyama, ngojea makundi yaote, chagua kundi, jaribu. Wakaotesha makundi ya kila rangi, na hakuna hata moja lililogeuza amonia.

Winogradsky aliona kosa liko katika ukarimu. Kama kiumbe huyu ni ndugu wa Beggiatoa, anayeishi kwa kuunguza madini, basi supu si chakula chake. Huenda hata inamdhuru. Unapoweka meza ya nyama na mgeni wako hali nyama, wanaokuja kukaa ni majirani, na mgeni anabaki nje. Basi akatengeneza maji yasiyo na chochote kilichotoka kwa kiumbe hai: chumvi chache za madini, amonia, chokaa, maji safi. Akaweka punje ya udongo, akangoja, akahamisha tone kwenye chupa mpya ya maji yaleyale, akangoja tena, akahamisha tena. Waliozoea vyakula vinono walikufa njaa njiani. Alipotaka kujua kama bado kuna wageni waliosalia, aliweka matone juu ya jelatini. Tone lililoota makundi alilitupa, na tone lisiloota kitu ndilo alilolichukua, maana ndani yake mlikuwa na yule asiyekula jelatini. Baadaye aliacha jelatini kabisa akatumia utandu wa silika, aina ya mchanga ulioyeyushwa ukagandishwa, meza isiyo na chakula chochote cha uhai.

Hivyo ndivyo alivyowapata, katika makala mfululizo za miaka ya 1890 na 1891 katika jarida la Taasisi ya Pasteur. Hawakuwa mmoja bali wawili, wakifanya kazi kwa zamu. Wa kwanza, Nitrosomonas, huigeuza amonia kuwa nitriti na hapo husimama. Wa pili, aliyemwita baadaye Nitrobacter, hapokei amonia. Hungoja nitriti ya mwenzake na kuifanya nitrati. Alipima pia kaboni ndani ya chupa ambazo hakuwa ameweka kaboni ya uhai hata kidogo, akaikuta imeongezeka. Viumbe hao walikuwa wamejenga miili yao kutokana na hewa, gizani, bila jua. Hapo dai la Strasbourg likawa kamili.

Hakuwa peke yake katika mbio hizo. Warington huko Uingereza alikuwa ameshaona kwamba kazi inaenda kwa hatua mbili, na Frankland na mkewe walitoa matokeo yao mwaka uleule wa 1890. Lakini sababu ya wengine kushindwa, na njia ya kuivuka, ilitoka Zurich. Aliagiza hata udongo wa nchi za mbali, Java na Quito kati ya hizo, ili aone kama wafanyakazi ni walewale kila mahali, na aliwakuta wenye umbo tofauti kwa kazi ileile.

Muda umemsahihisha katika mambo mawili, nayo yote mawili ni mazuri. Mwaka 2005 walieleza kiumbe aliyetoka katika tangi la samaki wa baharini huko Seattle anayegeuza amonia, lakini si bakteria kabisa. Ni wa tawi jingine la uhai, arkea, na jamaa zake wamejaa bahari zote. Na mwaka 2015 ikaonekana kwamba kuna bakteria wanaofanya hatua zote mbili peke yao, bila zamu. Winogradsky aliyefundisha kwamba kila kazi ina mtu wake angekunja uso.

Metchnikoff alikwenda Zurich kwake na mwaliko kutoka kwa Pasteur: njoo Paris, maabara ipo. Wakati huohuo mwana-mfalme Alexander wa Oldenburg alikuwa ameanzisha Petersburg taasisi ya tiba ya majaribio, akataka Mrusi huyu arudi aongoze idara ya vijidudu. Winogradsky alichagua nyumbani. Alirudi mwaka 1891, akafanya kazi nyumba moja na Pavlov, yule wa mbwa na mate. Mwaka 1893 alitangaza bakteria anayeishi bila oksijeni na kunasa nitrojeni ya hewa, wa kwanza wa aina hiyo kupatikana akiishi huru udongoni, akampa jina la Pasteur, Clostridium pasteurianum. Pengine ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Mwishoni mwa 1896 alitoa hotuba juu ya kazi ya vijidudu katika mzunguko wa uhai, akiwaelezea wasikilizaji wake dunia yote kama mwili mmoja ambao vijidudu huuendesha kwa kugawana kazi. Wanaochunguza leo mzunguko wa kaboni baharini wangeitambua hotuba ile kwa urahisi.

Halafu ukurugenzi. Mwaka 1902 alifanywa mkuu wa taasisi nzima, na mwaka 1905, afya ikiwa imemshinda, akajiuzulu. Ninayoyajua juu ya miaka hiyo ya ofisi hayana ladha. Mtu aliyekaa na uzi mmoja siku nyingi alipewa makaratasi. Aliondoka akaenda kwenye shamba lake la Gorodok, huko Podolia, Ukraine, akawa mkulima na mtunza msitu. Miaka ikapita kumi na zaidi bila makala. Vijana wa nchi nyingine walisoma jina lake vitabuni, na baadhi walidhani amekwisha kufa.

Mapinduzi ya 1917 yalimkuta hapo. Shamba lilikwenda, mali ilikwenda, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikapita juu ya Ukraine. Alikimbia, akapitia Uswisi, na mwaka 1921 akapata kazi ya ualimu Belgrade, katika kitivo cha kilimo. Hapakuwa na maabara ya kusema ni maabara. Kilichokuwepo ni mkusanyo wa jarida moja la Kijerumani la bakteriolojia, na mzee huyu akaanza kulisoma, mwaka mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesoma barua zote zilizofika nyumbani akiwa safarini.

Aliyoyasoma hayakumfurahisha. Aliona kwamba wanasayansi wa udongo wametumia miaka yote hiyo kufuga bakteria. Waliwatoa shambani, wakawalisha supu nono ndani ya chupa, wakawapima huko, kisha wakaandika kwamba ndivyo wanavyoishi shambani. Kwake huo ulikuwa kama utafiti wa simba uliofanywa juu ya paka wa nyumbani. Udongo halisi una njaa, una mashindano, una msimu. Kiumbe ndani yake hufanya kazi na wengine maelfu.

Mwaka 1922 ukaja mwaliko wa pili kutoka Paris. Safari hii ulitoka kwa Émile Roux, mkurugenzi wa Taasisi ya Pasteur, aliyemwomba aanzishe kitengo cha bakteriolojia ya kilimo huko Brie-Comte-Robert, kama kilomita 30 kutoka Paris. Winogradsky alikaribia miaka 66, umri ambao watumishi wengi wameshasahau walipoweka funguo za ofisi. Akaja. Nyumba na maabara vilikuwa mahali pamoja, shamba nje ya dirisha. Binti yake Hélène akawa msaidizi wake, akafanya utafiti wake mwenyewe juu ya wale viumbe wa nitrati. Nchi mbili zikamtambua karibu wakati mmoja: Chuo cha Sayansi cha Urusi kilimfanya mwanachama wa heshima 1923, kile cha Ufaransa kikamchagua mshiriki wa kigeni 1924.

Huko Brie alijenga alichokiita njia ya moja kwa moja. Alichukua udongo jinsi ulivyo, akaupaka kwenye kioo, akautia rangi, akahesabu waliomo kabla ya kuwalisha chochote. Kisha akaupa udongo huohuo chakula cha aina moja tu na kuangalia ni nani anayeamka. Akagundua watu wa aina mbili: wenyeji, wanaofanya kazi polepole mwaka mzima kwa chakula haba, na wale wanaolala hadi majani au samadi ianguke, hapo wanazidi kwa haraka, wanamaliza, wanalala tena. Maneno aliyowapa yanatumika mpaka leo kwa udongo na kwa bahari. Yeyote aliyekaa mji wa mgodi atawatambua wote wawili.

Zinaida alifariki 1939. Mwaka uliofuata Wajerumani waliingia Ufaransa. Winogradsky, miaka 83, hakuhama tena. Alibaki Brie akaandika. Mwaka 1949, akiwa na miaka zaidi ya 92, kilitoka kitabu chake kikubwa cha Kifaransa juu ya vijidudu vya udongo, kurasa zaidi ya 800, miaka 50 ya utafiti ndani ya jalada moja. Kazi ya Beggiatoa, aliyoiandika kwa Kijerumani akiwa kijana, imo humo, imegeuzwa Kifaransa. Selman Waksman, mzaliwa wa Ukraine kama yeye, aliyepata Nobel mwaka 1952 kwa dawa iliyotokana na kijidudu cha udongo, ndiye aliyeandika kitabu juu ya maisha yake.

Alifariki Brie-Comte-Robert mwezi wa Februari 1953, akiwa na miaka 96, zaidi ya miaka 60 baada ya Metchnikoff kumpelekea Zurich mwaliko wa kwanza wa kuja Paris.